Njia za kimya za kwenda Santiago: upite ipi?

Leo naandika jambo ambalo nimeulizwa na watu wengi mpaka nimeona bora nilijibu mara moja kwa wote: mtu anayetaka kutembea kwa miguu kwenda Santiago de Compostela, na hataki njia yenye umati, apite wapi?

Aliyenisukuma ni mpwa wangu aliyeko Bukoba. Alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. 2027 nikijaliwa viza nataka nije kutembea kwa ajili ya bibi. Ila nimeona picha, watu ni wengi kama wako sokoni. Hakuna njia ya kimya?" Bibi anayemsema ndiye mama yangu mzazi. Nikamjibu njia za kimya zipo, tena sio moja. Shida ni kwamba kila moja ni kimya kwa sababu yake, na sababu hiyo usipoijua mapema utaijulia njiani, ukiwa umechoka na huna maji.

Kwa wasioifahamu: Santiago ni mji wa Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania. Mapokeo yanasema ndipo lilipo kaburi la Mtume Yakobo, na watu wamekuwa wakienda kuhiji tangu karne ya 9. Hakuna barabara moja. Kuna mtandao wa njia zinazotoka pande zote na kuishia kwenye kanisa kuu lile lile. Ukitaka mfano wa nyumbani fikiria Namugongo, Uganda, kila tarehe 3 Juni: kuna wanaotembea kutoka magharibi ya Uganda, kuna wanaotoka Kenya, kuna wa kwetu Tanzania, kila kundi na barabara yake. Tofauti ni kwamba Namugongo watu wengi wanakwenda na kundi la parokia, wanaimba, wanabebana. Santiago wengi wanakwenda mmoja mmoja au wawili wawili, wanafuata mishale ya njano iliyochorwa kwenye kuta na mawe, na usiku wanalala kwenye albergue, yaani hosteli ya mahujaji yenye vitanda vya ghorofa kama bwenini.

Njia inayojulikana zaidi ni ile ya Kifaransa, Camino Francés, kama kilomita 780 kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees. Mwaka 2024 waliopokea cheti Santiago walikaribia 500,000, na karibu nusu yao walipita njia hiyo moja. Sasa sikiliza hii: karibu mmoja kati ya kila watatu alianzia mji mmoja tu, Sarria. Kwa nini? Cheti kinataka uwe umetembea angalau kilomita 100, na Sarria iko mbele kidogo tu ya kilomita 100. Basi ndiyo hivyo, wote wanarundikana pale.

Na mimi nilikuwa mmojawapo. Mama alifariki Februari 2017. Mimi nafanya kazi ya jikoni hapa Hispania, na wakati huo karatasi zangu za ukaazi zilikuwa ofisini zinasubiri mhuri. Ningetoka, kurudi ingekuwa shida. Mazishi niliyasikiliza kwa simu, nimekaa stoo kati ya magunia ya viazi. Mwezi Mei nikapata wiki moja ya likizo, nikasema angalau nimtembelee mama kwa miguu. Nikaanzia Sarria kwa sababu ndiyo iliyoingia kwenye siku zangu. Wadau, nilitembea siku tano nyuma ya spika ya muziki. Vikundi vya wanafunzi, mabasi yanashusha watu, foleni ya mhuri kila baa. Siwalaumu, walikuwa na furaha yao. Lakini niliingia Santiago sijapata hata saa moja ya kumlilia mama.

Toka hapo ndipo nilipoanza kutafuta njia nyingine, na nimetembea nne, moja sikuimaliza. Nianze na hiyo.

Inaitwa Vía de la Plata. Inaanzia Sevilla, kusini kabisa, inapanda kwa Mérida, Cáceres, Salamanca na Zamora mpaka Galicia, karibu kilomita 1,000. Kwa sehemu kubwa inafuata barabara za Warumi, na kuna mahali unapita chini ya tao la Cáparra, tao la Kirumi lenye milango minne limesimama peke yake porini, huku kijiji cha karibu kikiwa saa kadhaa nyuma yako. Kwa uzuri sina la kusema. Lakini ukimya wake unatokana na umbali na jua. Vijiji viko mbali mbali. Kutoka Castilblanco de los Arroyos mpaka Almadén de la Plata ni kama kilomita 29, na katikati hakuna duka wala mgahawa. Upande wa Cáparra kuna hatua ya kilomita 38 hivi ya namna hiyo hiyo.

Mimi kwa ujuaji nikaenda Juni 2019. Nikajiambia, mtu wa Bukoba nitaogopa jua? Ndugu zangu, Bukoba kuna ziwa na mvua na migomba. Andalucía na Extremadura kiangazi joto linapita nyuzi 40, na kivuli ni cha mti mmoja mmoja. Siku ya kwenda Almadén nilibeba lita mbili, zikaisha saa tano asubuhi. Mwisho wa siku ile kuna kilima kikali kabla ya mji, na pale nilikaa chini, kichwa kinagonga, nikaacha kutoa jasho. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mfugaji aliyepita na gari lake, akanipa chupa ya maji na kunigombeza kwa Kihispania mpaka tukafika. Siku tatu baadaye, mji wa Zafra, nikapanda basi kurudi. Kwa hiyo njia hii naipendekeza, ila Machi, Aprili au Oktoba, kwa mtu mwenye wiki sita au saba na aliyekwisha tembea safari ndefu kabla. Kuanzia katikati ya Mei mpaka Septemba, kusini kule usiende. Sijali umetoka Tabora au Dodoma.

Ya pili ni Camino Primitivo, "ya asili", kwa sababu inasemekana ndiyo aliyopita mfalme Alfonso wa Pili wa Asturias kutoka Oviedo kwenda kuliona kaburi katika karne ya 9. Ni kama kilomita 320, siku 13 au 14. Hapa maji sio tatizo kabisa, mvua ipo ya kutosha. Kinachowapunguza watu ni milima. Siku nzima unapanda na kushuka. Sehemu inayozungumzwa zaidi ni Hospitales, mgongo wa mlima unaofika kama mita 1,200, wenye magofu ya hospitali za mahujaji wa zamani. Zaidi ya kilomita 20 hakuna kijiji, ni wewe, ng'ombe na farasi wanaozurura. Hali ya hewa ikiwa nzuri hakuna siku bora kuliko hiyo. Ikiwa ukungu, usiipande. Kuna njia ya chini kupitia Pola de Allande na haina aibu yoyote. Mimi Septemba 2022 nilifika Borres jioni, asubuhi mlima hauonekani. Mama mwenye baa akaniuliza tu, "Una haraka gani?" Nikapita chini.

Baada ya hapo unashuka mpaka bwawa la Salime, magoti yanakuita majina yote, kisha Grandas de Salime, A Fonsagrada, na Lugo, mji uliozungushiwa ukuta mzima wa Kirumi ambao unaweza kutembea juu yake. Ukiwa na siku chache unaweza kuanzia Lugo, maana kutoka pale ni kama kilomita 100.

Lakini Primitivo ina mambo mawili ambayo watu hawakuambii. Kwanza imeshapata umaarufu. Mwaka 2024 ilikuwa na watu kama 25,000, na Julai na Agosti vitanda vinagombaniwa kwa sababu vijiji ni vidogo. Pili, Melide. Siku mbili na kidogo kabla ya Santiago, mahali panaitwa Melide, njia hii inaingia kwenye ile ya Kifaransa. Umekaa siku kumi kimya, umezoea sauti ya viatu vyako, ghafla unatumbukia kwenye maandamano. Mimi nilikaa kwenye benchi dakika ishirini nikitazama watu wanapita kama niko stendi. Njia ya pwani ya kaskazini, Camino del Norte, yenye zaidi ya kilomita 800 kutoka Irún, ina tatizo hilo hilo, yenyewe inaingia kwenye umati pale Arzúa.

Kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza mpwa wangu halikuwa "unataka kimya?" Nilimuuliza, "Unakitaka mwanzoni au unakitaka mwishoni?" Kwa mtu anayetembea kwa ajili ya marehemu nadhani siku za mwisho zina uzito wake.

Hapo ndipo zinapoingia njia mbili ambazo hazikutani kabisa na ile ya Kifaransa mpaka mlangoni Santiago.

Moja ni Camino de Invierno, njia ya majira ya baridi. Inaanzia Ponferrada, kama kilomita 263. Inasemekana mahujaji wa zamani waliitumia kukwepa theluji ya mlima wa O Cebreiro, wakafuata bonde la mto Sil. Serikali ya Galicia iliitambua rasmi mwaka 2016 tu, na bado wanaoipita ni wachache mno ukilinganisha na nyingine zote nilizozitaja. Siku ya kwanza unafika Las Médulas, vilima vyekundu vilivyobomolewa na Warumi kwa maji wakitafuta dhahabu. Mbele kuna mashamba ya zabibu yaliyopandwa kwa ngazi kwenye kingo za mto Miño, hasa pale Belesar, ambapo unashuka mpaka mtoni halafu unapanda upande wa pili mpaka unamkumbuka aliyekuzaa.

Mei 2023 nilitembea siku nne bila kukutana na hujaji hata mmoja. Ukimya wa huku ni wa kukosa watu, na sio kila mtu anauweza. Usiku wa tatu nililala peke yangu kwenye hosteli ya vitanda ishirini. Nililia, nilichokuwa nakitafuta nilikipata, siwezi kukataa. Lakini kesho yake nilijipinda kifundo cha mguu kwenye njia ya mawe, nikakaa pale saa nzima nikisubiri mtu apite, asipite mtu. Nilichechemea kilomita saba. Ndiyo maana huyu mpwa, ambaye hajawahi kutoka Afrika Mashariki na Kihispania chake ni cha salamu, Invierno nimemkatalia. Dada yangu naye alivyosikia alipiga simu: "Kaka, mtoto wangu aende peke yake porini ulaya? Haiwezekani."

Nyingine ni Camino Sanabrés. Hii kwa kweli ni mkia wa Vía de la Plata: inajitenga pale Granja de Moreruela, kaskazini ya Zamora, inakata milima kwa Puebla de Sanabria, A Gudiña, Laza, Ourense, halafu Santiago. Nzima ni kama kilomita 365, lakini unaweza kuikata unavyotaka, na hapo ndipo ilipoishinda nyingine kwangu. Mwenye siku tano au sita aanzie Ourense, ni zaidi kidogo ya kilomita 100, cheti anapata, na ni tofauti kabisa na Sarria. Mwenye siku kumi aanzie A Gudiña, kama kilomita 200. Usafiri umekuwa rahisi: tangu Desemba 2021 treni ya kasi kutoka Madrid inafika Ourense kwa saa mbili na kitu, na A Gudiña kuna stesheni kwenye reli hiyo hiyo. Angalia ratiba tu, sio kila treni inasimama.

Niliipita Oktoba 2024. Watu wapo, lakini wa kuhesabu. Kila jioni nilikuta sura tatu nne zile zile: mstaafu Mjerumani, akina mama wawili wa Valencia, kijana mmoja Mkorea. Mchana kila mtu na njia yake, jioni tunapika tambi pamoja. Pale Laza ufunguo wa hosteli unachukua kwenye ofisi ya waokoaji, Protección Civil, unaandikishwa, unapewa. Ourense kuna maji ya moto yanayotoka ardhini katikati ya mji, miguu itashukuru. Mbele kuna Cea, mji wa mikate, harufu unaipata kabla hujaona nyumba. Ukichagua tawi la kulia unafika Oseira, monasteri kubwa ya karne ya 12 iliyojificha bondeni, watawa bado wapo na wanapokea mahujaji. Ukumbi wa kulala ni baridi kama friji, nakuambia ukweli, beba blanketi au begi zito la kulalia. Jioni niliingia kwenye sala yao. Hawakuniuliza kitu. Nilikaa benchi la nyuma na picha ya mama mfukoni, na pale ndipo, miaka saba baadaye, nilipomaliza nilichokianza stoo ya viazi.

Ubaya wa Sanabrés: hatua ndefu. Kati ya A Gudiña na Laza ni kama kilomita 34, ingawa unaweza kulala Campobecerros katikati. Mvua ya vuli Galicia haina adabu. Na Agosti usiende, kwa sababu ya moto. Agosti 2025 mioto mikubwa iliunguza mkoa wa Ourense na sehemu za Zamora na León, Las Médulas pia ikaguswa, hata treni ya Madrid na Galicia ikasimamishwa kwa siku kadhaa. Mei mwishoni, Juni mwanzoni au Septemba mwishoni ndiyo saizi yake.

Nitaje haraka mbili ambazo utaona zinasifiwa kuwa za kimya. Njia ya pwani ya Ureno kutoka Porto ilikuwa kimya zamani. Mwaka 2024 ilipita watu zaidi ya 70,000, kwa hiyo hapana. Camino Inglés kutoka Ferrol, kama kilomita 115, ni nzuri kwa mwenye siku tano na inakwepa umati mpaka Santiago, ila nayo inajaa mwaka hadi mwaka na sehemu kubwa mwanzoni ni kandokando ya miji.

Sasa pesa na karatasi, maana mlioko kafe dakika zinakatika. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Kwenye maombi andika mpango wa kila siku: unalala mji gani, kilomita ngapi. Tatizo ni kwamba hosteli nyingi za umma kwenye njia hizi hazipokei oda, anayewahi ndiye anayelala, na ofisi ya viza inataka kuona mahali pa kulala. Weka oda kwenye hosteli za binafsi au hoteli ndogo kwenye miji mikubwa, na barua ya parokia yako iambatane. Mimi hosteli ya serikali Galicia nililipa euro 10, za binafsi 15 mpaka 20, na kwa siku nzima pamoja na chakula sikuvuka euro 40.

Pasipoti ya hujaji, credencial, inauzwa euro chache tu kwenye makanisa makuu na hosteli nyingi. Kilomita 100 za cheti unatakiwa kugonga mihuri miwili kwa siku. Njia za kimya mhuri unaweza kukosa, kwa hiyo ukiona baa imefunguliwa ingia, gonga hata kama huna kiu. Beba chakula cha siku moja mbele, siku zote, na Jumapili cha siku mbili, maana maduka yanafungwa. Namba ya dharura ni 112. Weka kwenye simu programu ya AlertCops ya polisi wa Hispania, ni ya bure na inawaonyesha uko wapi.

Na mwaka wenyewe. Tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ikiangukia Jumapili unakuwa Mwaka Mtakatifu, na 2027 ni mmoja wao. Umati huenda ukawa mkubwa kuliko ninaousema hapa, na hata njia za kimya zinaweza kuguswa. Ndiyo maana mpwa wangu nimempangia hivi: afike Madrid mwishoni mwa Septemba, treni mpaka A Gudiña, siku kumi za kutembea, alale Oseira usiku wa saba. Mimi nitaomba likizo nimkute Ourense tuendelee wote. Dada amekubali kwa sharti hilo. Kijana alijibu, "Sawa mjomba, lakini mchana tusiongee." Nikamwambia hewala, tutaongea jioni kwenye tambi.

Kimebaki kitu kimoja ambacho sijui nimwambie nini. Anataka afanye mazoezi kwanza kwa kutembea Bukoba mpaka Namugongo. Mdau yeyote aliyewahi kuikata hiyo kwa miguu, tuandikie hapo chini: mlitumia siku ngapi, mlilala wapi, na mpakani Mutukula mlipita vipi.